Mayonezi Isiyo na Siki

Kwa miaka kumi na minne Njue Muchangi hakuwahi kumwona mama mkwe wake akila, wala mama mkwe hakuwahi kumwona yeye. Si kwamba waligombana. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima. Katika ukoo wa mkewe, kama katika koo nyingine za Mbeere mpaka leo, mwanamume na mama aliyemzaa mkewe hawali wakionana, hawapeani mikono, na wakikutana njiani mmoja huingia kando ili mwenziwe apite. Huitana muthoni, na ndani ya jina hilo mna haya. Wapo siku hizi wanaoyacheka mambo hayo. Utawaona harusini wamekumbatiana na mama wakwe zao wakipigwa picha, na wala mbingu hazianguki. Ciakuthii, mama mkwe wake Njue, hakuwa mmoja wao. Akimwona Njue anatokea upande wa soko la Kiritiri, alijitanda leso usoni, akashuka barabarani mpaka kwenye vichaka vya miiba, akasimama humo na mbuzi wake hadi mkwe apite. Njue naye alipita akiangalia viatu vyake.

Mwacha mila ni mtumwa, wahenga walisema, ila hawakutuambia anayeishika kupita kiasi aitwe nani.

Njue aliijua mila hiyo na hakuwa na neno nayo. Kilichomuuma ni kingine. Aliamini kwamba chini ya ile leso kulikuwa na dharau, kwa sababu yeye alikuwa mpishi. Mwanamume kuchinja na kuchoma nyama, sawa, hiyo ni kazi ya wanaume tangu zamani. Lakini mwanamume kushinda na bakuli mapajani akipigapiga mayai! Alikuwa amezaliwa juu Kianjokoma, kwenye baridi na majani chai, na angeweza kuwa mkulima kama kaka zake. Akateremka Embu mjini akiwa na miaka ishirini na mmoja, akaingia jikoni mwa hoteli moja kuosha sufuria, na huko ndiko alikokutana na Mbaabu.

Mbaabu alikuwa Mmeru mnene, mpishi mkuu, mtu wa maneno machache na makofi mengi ya mgongoni. Ndiye aliyemkalisha Njue chini, akamwekea bakuli juu ya kitambaa kibichi ili lisiteleze, akavunja mayai, akatenga viini. Haradali kidogo, chumvi kidogo, kisha mafuta.

"Tone," Mbaabu akasema. "Halafu tone. Ukimwaga, imeachana, na hiyo ni mshahara wako."

Njue alimwaga, na kweli ikaachana: mafuta upande huu, yai upande ule, kama watu waliotoka kortini. Alidhani atafukuzwa. Mbaabu akachukua bakuli jingine safi, akatia kiini kimoja kipya, akaanza kukirudishia ule mchanganyiko ulioharibika, kijiko kwa kijiko, akipiga taratibu, mpaka vyote vikashikana tena vikawa vizito na vyeupe. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Njue alisimama pale na uma mkononi, na kitu ndani yake kikatulia. Tangu siku hiyo hakutaka kazi nyingine.

Mbaabu alikuwa na usemi wake: mayonezi ni mama, sosi nyingine ni watoto. Mtoto wa kwanza ni ile ya pinki, mama akikutana na nyanya ya chupa. Wa pili ana kitunguu saumu, huyo anafaa na nyama ya kuchoma. Wa tatu ana matango ya siki yaliyokatwa vipande vidogo vidogo na yai la kuchemsha na majani ya giligilani, huyo kazi yake ni samaki. Yupo wa binzari, wa pilipili, na yupo anayetengenezwa kwa maziwa bila yai kabisa. Na ile ya dukani, inayokaa kwenye chupa mwaka mzima bila kubadilika? Mbaabu alisema hiyo ni jirani tu, si ndugu.

Hoteli ikafungwa mwaka ule wa korona na haikufunguliwa tena. Mkewe, Igoki, alikuwa amepata kazi ya kufundisha shule ya msingi karibu na Kiritiri, nyumbani kwao, kwa hiyo Njue akahamia huko. Watu walicheka. Mwanamume kuhamia kwa kina mke! Akajenga kioski cha mabati karibu na stendi, akakaanga chipsi na samaki wa bwawani, na kwenye meza akapanga mabakuli yake yenye vifuniko. Wateja hawakujali majina. Walisema "niwekee ile nyeupe" au "weka ya pinki, usiwe mchoyo." Biashara ikashika. Ciakuthii pekee, katika Kiritiri nzima, hakuwahi kuonja. Aliposikia mkwewe anauza nini, alimuuliza bintiye kwa utulivu kabisa, "Na hayo mafuta ya kujipaka, watu wanayala kweli?"

Igoki alilirudisha neno hilo nyumbani akicheka mpaka akakaa chini. Njue alicheka pia. Lakini baadaye, mara nyingi usiku, alilikumbuka, na halikuwa la kuchekesha.

Kisha koo la Ciakuthii likaanza kufunga.

Kwanza nyama ilikwama, halafu muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, halafu ugali. Alificha kwa miezi, kama wanavyoficha akina mama wa umri wake, akisema amefunga kwa ajili ya maombi. Igoki alipompeleka hospitali Embu, walimtia mpira wenye kamera, wakachukua kipande, wakamwambia arudi baada ya wiki mbili. Majibu yalikuwa yale ambayo hakuna aliyetaka kuyataja kwa jina. Daktari, kijana mpole, aliwaeleza kwamba miale ingeweza kupunguza uvimbe, na huenda mama akapata mwaka, pengine zaidi. Lakini mizani ilisema kilo thelathini na nane.

"Akifika arobaini na mbili, tunaanza," daktari akasema. "Chini ya hapo, matibabu yenyewe yatamuua kabla ya ugonjwa. Mlisheni."

Mlisheni. Neno rahisi hilo. Igoki alimpikia uji wa wimbi, ukarudi. Akamsagia viazi, vikakwama. Alimnunulia maziwa ya unga ya wagonjwa, mama akasema yananuka dawa. Wiki mbili zikapita, na mizani ikasema thelathini na saba na nusu. Siku hiyo Igoki alikuja moja kwa moja kioskini kutoka kwa mamake, akakaa juu ya kreti la soda, akalia mbele ya wateja bila kujificha.

"Atakufa na njaa," akasema. "Si ugonjwa, Baba Maxine. Njaa. Mimi nasimama tu hapo na kijiko."

Njue alizima jiko. Aliwaomba wateja radhi, akafunga mlango wa mabati mchana kweupe. Kitu laini, alikuwa akiwaza, kizito cha kutia nguvu, lakini cha kuteleza. Mafuta na yai vilivyoshikana. Maisha yake yote alikuwa akitengeneza kitu hicho, na watu walikuwa wakichovyea chipsi.

"Mimi nitatengeneza," akasema. "Wewe utapeleka. Useme umepika wewe."

Igoki alimtazama. Wote wawili walijua. Ciakuthii asingekula kilichotoka mikononi mwa muthoni wake hata kama ndicho chakula cha mwisho duniani. Wangemdanganya mama mgonjwa, na hilo si jambo dogo. Lakini penye nia pana njia, na wao walikuwa na hiyo moja tu.

Bakuli la kwanza Njue alilitengeneza kwa fahari, na fahari ndiyo iliyoliharibu. Alifanya kila kitu kama Mbaabu alivyomfundisha, ila viini alivipiga kwanza juu ya mvuke wa maji moto mpaka vikaiva, maana mgonjwa halishwi yai bichi. Mafuta tone kwa tone. Mwishoni, kwa mazoea ya miaka yote ile, akakamulia ndimu na kutia siki kijiko kimoja, kwa kuwa bila ukali ule mayonezi haina maisha. Akachanganya na viazi vilivyopondwa vikawa laini kama krimu. Igoki akapeleka. Akarudi baada ya saa moja na bakuli limejaa vile vile.

"Kijiko kimoja," akasema. "Kilimchoma. Alishika koo akatoa machozi. Mamangu halii, wewe unajua. Alilia."

Njue alikaa na bakuli hilo mapajani jioni nzima. Koo lenye kidonda, na yeye amelimwagia siki! Mtu yeyote aliyewahi kukaa meza moja na mama yule angejua. Angemwona anavyokunja uso, angemuuliza, Mama, inauma wapi? Yeye alikuwa akimpikia mtu bila kujua hata anapenda chumvi kiasi gani. Alipika kama mtu aliyefungwa macho. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minne aliichukia ile leso, na ile njia, na vile vichaka.

"Alikuwa anapenda kula nini?" akamuuliza Igoki. "Zamani. Kabla ya haya."

Igoki akafikiri. "Ndengu," akasema. "Ndengu tupu, za shamba lake. Hata siku ya Krismasi sisi tunakula kuku, yeye anatafuta ndengu zake."

Kesho yake alichemsha ndengu mpaka zikapasuka na kulainika, akazipitisha kwenye chujio mara tatu, maganda yote yakabaki juu. Viini vya mayai vikaiva juu ya mvuke na maji kidogo. Hakutia ndimu, hakutia siki, hata haradali hakuitia. Mafuta akayaleta polepole kuliko alivyowahi kuyaleta maishani, maana bila ukali wa kushikilia, alihofia itaachana mkononi mwake. Haikuachana. Akaikunja ndani ya ndengu ikiwa vuguvugu, akaonja. Ilikuwa pooza, haina kishindo chochote. Mteja yeyote wa stendi angeirudisha. Akaifunika kwa kitambaa, akampa mkewe.

Igoki alirudi na bakuli tupu. Halikuwa tupu kabisa, lakini vijiko vinane vilikuwa vimekwenda chini, na vyote vilikaa huko.

Wakaendelea hivyo, asubuhi, mchana na jioni. Siku nyingine boga badala ya ndengu, siku nyingine samaki aliyetolewa miiba na kusagwa pamoja na ile mayonezi ya maziwa. Zile za kuuza kioskini zikawa zinatengenezwa baadaye, na wateja walilalamika kwamba ile ya pinki siku hizi inachelewa. Mizani ikasema thelathini na tisa. Ikasema arobaini na nusu. Ikasema arobaini na moja na robo tatu, na miadi ya kupimwa mara ya mwisho ikawekwa siku ya Ijumaa.

Alhamisi Igoki aliamkia Embu kufuatilia karatasi za bima. Bakuli la mchana alikuwa apeleke Jedidah, jirani wa Ciakuthii na mwenzake wa kanisani. Saa sita Jedidah akapiga simu: dadake kule Gachoka ameanguka, naye ameshaondoka kwenda kumwona, samahani sana. Njue alibaki na simu mkononi na bakuli mezani. Robo kilo. Mama yule alikuwa na robo kilo tu ya kupata, na mlo mmoja ukikosekana kwa mtu aliyepungua hivyo unaonekana kwenye mizani.

Alilifunga bakuli kwa taulo safi, akatoka nalo. Watu wa sokoni walimwona akishika njia ya kwa mama mkwe mchana, peke yake, na chakula mkononi, na baadhi waliacha kuongea. Hakuangalia viatu vyake safari hii.

Kwenye uwanja alisimama mbali na mlango. "Hodi, Mama," akaita. "Ni mimi. Jedidah amepata shida. Nimeleta chakula cha Igoki."

Mbuzi mmoja alikohoa. Njue alilisogeza bakuli mpaka kizingitini, akaliweka juu ya kigoda, akazunguka ukuta, akakaa chini ya dirisha, mgongo ukutani, uso shambani. Hapo hangemwona wala hangeonekana. Alisubiri. Baada ya muda mrefu alisikia miguu ikiburuta sakafuni, kigoda kikivutwa, kisha kijiko kikigusa bakuli. Hakuwahi kusikia sauti iliyomfurahisha hivyo.

Halafu akasikia kikohozi. Kikaja kingine, kikavu, cha mtu anayetafuta hewa, na kijiko kikaanguka. Njue alisimama, akashika ukuta. Hatua tano zingemfikisha mlangoni.

"Mama," akasema kupitia dirishani, akiwa ameupa ukuta uso. "Inamisha kidevu kifuani. Usiinue kichwa. Sasa meza mara mbili, hata kama hakuna kitu. Hivyo. Pumua kwa pua."

Kikohozi kikapungua, kikaisha.

"Kidogo kidogo, Mama. Nusu kijiko. Polepole, kama ninavyotia mafuta. Tone kwa tone."

Alisema hivyo bila kufikiri. Kisha akajisikia, akafunga mdomo. Kama ninavyotia mafuta. Alikuwa amejichongea mwenyewe.

Ndani kijiko kikaokotwa, kikapanguswa, kikaanza tena. Mama alikula mpaka akamaliza. Njue aliuhesabu kila mkwaruzo wa bakuli. Ndipo sauti ikatoka dirishani, nyembamba na yenye mikwaruzo, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza Ciakuthii kumwambia mkwewe neno moja kwa moja.

"Igoki hajui kusubiri," akasema. "Tangu akiwa mtoto. Uji wake una mabonge mpaka leo. Wewe ulidhani nitakula kitu laini namna hii, halafu niamini amepika yeye?"

Njue alikaa chini tena, mgongo ukutani.

"Nilijua kijiko cha kwanza. Kile cha kunichoma."

"Nisamehe, Mama."

"Nisamehe nini? Mimi sikuuliza, wewe hukusema. Heshima ilikaa mahali pake, na mimi nikashiba." Akavuta pumzi. "Wewe ulikuwa unafikiri nakudharau."

"Ndiyo," Njue akasema, maana kwa ukuta mtu huweza kusema kweli.

"Nilikuwa nakuheshimu, muthoni. Nimekuheshimu miaka yote hii mpaka nikakosa kukujua. Hiyo ni hasara yangu. Nenda sasa, watu wanataka chipsi."

Alikwenda. Alilia njia nzima, na hakujali nani anamwona. Ijumaa mizani ikasema arobaini na mbili na kidogo.

Miale ikafanya kazi yake. Ciakuthii alipata mwaka mmoja na miezi miwili, na sehemu kubwa ya muda huo ilikuwa nzuri. Alirudi kwa mbuzi wake, alipanda ndengu msimu mmoja na kuzivuna. Akimwona Njue njiani bado alishuka kichakani na leso usoni, kama zamani, ila sasa kutoka ndani ya leso ilitoka sauti, "Jana ilizidi chumvi," au "Boga lile lilikuwa tamu," na Njue alijibu "Sawa, Mama," akiangalia viatu vyake, akitabasamu. Bakuli liliendelea kwenda kila siku. Hakuna aliyesema tena limepikwa na Igoki.

Kisha koo likarudi kufunga, na safari hii daktari hakutaja kilo. Aliwaambia wamrudishe nyumbani.

Jumapili moja, watu wakiwa bado kanisani, Igoki alikuja akamwambia mumewe, "Mama anakuita. Ndani." Njue alidhani amesikia vibaya. Alikwenda na bakuli la asubuhi, akasimama mlangoni, na kutoka kitandani mama akamwashiria kigoda kilichokuwa kando yake. Hakuwa na leso. Ulikuwa uso mdogo, umeisha, na macho ya Igoki yalikuwa ndani yake. Miaka yote hiyo Njue hakujua kwamba macho yale mkewe aliyapata kwa mamake.

"Iko mbuzi ya kuondoa haya kati yetu," Ciakuthii akasema. Kila neno lilimgharimu. "Wazee wangekuambia uilete. Lakini hiyo mbuzi mimi ningeila na koo la nani? Keti."

Akaketi. Igoki alimlisha mamake, nusu kijiko, kisha nusu nyingine. Alikula akimtazama mkwewe usoni, hakugeuka. Baada ya hapo akasukuma bakuli kwa mkono.

"Sasa wewe," akasema. "Umenilisha mwaka mzima na zaidi, na sijawahi kukuona ukitia kitu mdomoni. Sitaki kwenda bila kujua mtu aliyenilisha anakulaje."

Njue akapokea kijiko. Ndengu zilikuwa laini, zimepita kwenye chujio mara tatu, na mayonezi isiyo na siki ndani yake, kitu alichokitengeneza kiteremke kwenye koo lolote lile duniani. Akakitia kinywani. Hakikushuka. Koo lake lilikuwa limefunga kabisa, machozi yakimtiririka mpaka kwenye bakuli, na mama mkwe akimtazama.

"Inamisha kidevu," Ciakuthii akamwambia. "Polepole, muthoni. Tone kwa tone."

Akainamisha kidevu, akameza. Kisha akachota kingine, na kingine, mbele ya macho yake, mpaka bakuli likaisha.